Nani Anaiba Vifaranga vya Mbao?

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kutoka nyumbani, Enesi alifagia uwanja, akaosha vyombo na kuokota mayai bandani. Kazi ya kuku ndiyo aliyoichukia. Mama yake alifuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba yao pale Mpemba, na hakuwa mtu wa kubembeleza.

"Umeokota mayai yote?"

"Ndiyo, mama."

"Umeangalia na pembeni, au umeokota yale yaliyokuwa yanakutazama tu?"

Enesi akarudi kuangalia pembeni. Akakuta mawili.

"Haya, nenda," mama akasema. "Na usisahau kiroba. Niletee unga wa mbao wa kutosha, banda limelowa."

Enesi alikunja kiroba, akakitia kwapani na kuondoka mbiombio. Alipita kando ya foleni ya malori yaliyosubiri kwenda mpakani, akakata kona, akafika kwa Mama Tuntufye.

Mama Tuntufye alikuwa muuguzi wa zahanati, lakini siku za mapumziko alikata mbao. Hakukata ili auze. Alikata kwa kupenda tu. Alikuwa na mashine iliyofanana na cherehani, ila mahali pa sindano palikuwa na msumeno mwembamba kama uzi wa kushonea magunia. Msumeno huo ulipanda na kushuka upesi kupitia tundu la meza ya mashine, na uliweza kufuata mchoro wowote: jani, ndege, hata herufi za jina la mtu. Watoto waliiita cherehani ya mbao. Ilinunuliwa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ikiwa imeshatumika, na kifuniko cha lile tundu hakikuwepo. Tundu lilibaki wazi, kiasi cha kupitisha vidole viwili.

Wanafunzi wanne wa darasa la sita walikuja kujifunza kwake kila Jumamosi: Enesi, rafiki yake Faith, Hezron mwenye maneno mengi, na Nesta, msichana mgeni aliyetoka Ivuna kuja kuishi na shangazi yake. Sharti lilikuwa moja. Mashine haiwashwi kabla mtu mmoja hajatoa dokezo, yaani jambo dogo alilojifunza kuhusu kukata mbao. Ndivyo Mama Tuntufye na wenzake wa Vwawa, Tunduma na Nakonde walivyofanya kwenye kundi lao la simu. Aliyejua kitu aliwapa wengine.

"Ukibandika utepe wa gundi juu ya mchoro, mbao haiungui," Hezron aliwahi kusema.

"Sugua mshumaa kwenye meza ya mashine, plaiwudi itateleza vizuri," Faith naye alisema.

Msimu huo walikuwa na kazi moja kubwa. Walitengeneza picha ya plaiwudi ya kuku na vifaranga wake kumi, kwa ajili ya watoto wa darasa la kwanza wanaojifunza kuhesabu. Kila kifaranga, kadiri ya kidole gumba, kilikatwa peke yake, kikachomolewa na kurudishwa mahali pake. Enesi ndiye aliyepewa kukata vifaranga, kwa sababu mkono wake haukutetemeka. Alijivunia jambo hilo kupita kiasi.

Asubuhi hiyo alimkuta Nesta ametangulia, ameinama juu ya mashine peke yake, mkasi mkononi. Alikuwa amekata kifuniko cha plastiki cha kopo la siagi, akatoboa kitundu katikati, na sasa alikuwa anakibandika kwenye meza ya mashine.

"Unafanya nini hapo?" Enesi akauliza.

Nesta alishtuka. "Naweka hii kadi ya plastiki, ili vile vi…"

"Mashine haichezewi. Vifaranga nakata mimi, si wewe."

Nesta aliinama tena. Akamaliza kubandika, akaenda nyuma kunawa mikono. Enesi alisimama akikitazama kile kiplastiki. Kwa nini aje mapema hivi? Kwa nini ashtuke? Bila shaka anataka kazi yangu iharibike ili apewe yeye. Akakibandua, akakikunja na kukitupa kwenye ndoo ya takataka. Hakumwambia mtu.

Siku hiyo alikata vifaranga vitatu. Kawaida yake hakuvitoa kimoja kimoja, maana alipenda kumaliza haraka. Aliviacha palepale kwenye ubao, akaendelea kuusogeza na kuuzungusha mashine ikinguruma, kisha akavikusanya vyote mwishoni. Kazi ilipoisha, alimimina unga wa mbao uliojaa kwenye boksi chini ya mashine ndani ya kiroba chake, akakifunga. Ndipo alipokaa kupanga picha.

Vifaranga vilikuwa viwili.

Walitafuta chini ya benchi na chini ya mkeka. Faith hata alikung'uta viatu. Hakikuonekana.

"Labda kimeruka," Hezron akasema. "Kimeona mwewe."

Faith alicheka. Enesi hakucheka. Alikuwa anamtazama Nesta, ambaye mkono wake mmoja ulikuwa ndani ya mfuko wa sketi, umefumbata kitu.

Njiani kurudi, kiroba kichwani, Enesi alimnong'oneza Faith, "Umeona mkono wake? Kila mara uko mfukoni."

"Unadhani ni yeye?"

"Leo nimemkuta peke yake kwenye mashine. Halafu nasikia kwa shangazi yake kuna mtoto mdogo. Kifaranga kile si kitu cha kuchezea?"

"Tumwambie Mama Tuntufye."

"Hapana. Tumvizie kwanza, tumkamate."

Jumamosi iliyofuata walimvizia. Enesi alikata kwa jicho moja, jicho la pili likiwa kwa Nesta. Faith alikaa karibu naye kama mlinzi wa ghala. Nesta alipochukua msasa, waliangalia. Alipoinama kufunga kiatu, waliangalia. Hezron naye, alipoambiwa, akaanza kukohoa kila Nesta aliposogea. Nesta hakuelewa. Alisogeza kigoda chake mbali kidogo, na hilo nalo Enesi akalihesabu kuwa ushahidi.

Kazi ilipoisha, kifaranga kingine kilikuwa hakipo.

Wakati huo Mama Tuntufye alikuwa ameingia ndani kupokea simu ya zahanati. Enesi alisimama.

"Nesta, toa kilichomo mfukoni."

"Kwa nini?"

"Toa tu. Kama huna kitu, unaogopa nini?"

"Mfuko ni wangu," Nesta akasema, akiubana.

"Na vifaranga ni vyetu!" Faith akadakia.

Enesi alimshika mkono, akauvuta. Kifurushi kidogo cha kitambaa kikaanguka sakafuni, kikafunguka. Ilikuwa chumvi, mabonge ya kijivu.

"Ni chumvi ya kwetu Ivuna," Nesta akasema, machozi yakimlengalenga. "Bibi alinipa nilipokuja. Nikiwakumbuka, naishika."

Hezron akaacha kukohoa. Hapo Enesi angeweza kuomba radhi na mambo yakaisha. Lakini alikuwa ameshapanda juu sana, na akaona haya kushuka.

"Basi umevificha kwingine," akasema. "Ile Jumamosi nyingine ulikuwa unafanya nini kwenye mashine asubuhi?"

"Nilibandika kadi. Na nani aliitoa?"

Wote wakamgeukia Enesi, kwa kuwa yeye ndiye aliyeuliza.

"Kadi gani?" Enesi akasema. "Mimi sijui habari ya kadi. Usibadilishe maneno."

Nesta alipiga magoti. Kisha akaokota chumvi yake bonge kwa bonge, akaifunga, akaondoka. Mama Tuntufye alipotoka ndani, lango lilikuwa linafungwa.

Alipoambiwa yaliyotokea, hakupaza sauti. "Nani alimwona akichukua?"

Faith alijifanya anafagia unga wa mbao.

"Vifaranga vinapotea wiki mbili, na mimi mwenye mashine siambiwi. Kwa nini?"

"Tulikuwa tunamvizia," Hezron akasema, akitazama vidole vya miguu yake.

"Na mmemkamata na chumvi," Mama Tuntufye akasema. "Nendeni nyumbani."

Kwa shangazi yake, Nesta alisema harudi tena. Wiki ile darasani alikaa dawati la nyuma peke yake, na wenzake wakaanza kuficha kalamu alipopita. Neno lilikuwa limeshatembea. Enesi aliona, akajiambia kwamba angalau sasa vifaranga vitatulia.

Jumamosi ikaja. Nesta hakuwepo. Mama Tuntufye alikuwa na zamu ya asubuhi, na mdogo wake, Bwana Osward, ndiye aliyekaa nao. Enesi akakata vifaranga vya kufidia, akamimina unga wa mbao kwenye kiroba, akakaa kupanga.

Kimoja hakipo.

Faith alimtazama Hezron. Hezron alimtazama Faith. "Usinitazame hivyo," Hezron akasema. "Nitoe mifuko? Haya, hii hapa!" Akaitoa nje mifuko ya kaptula, yote mitupu. Hakuna aliyecheka. Walipoagana, kila mmoja alitembea peke yake upande wake wa barabara.

Nyumbani Enesi alikwenda moja kwa moja bandani kumwaga unga wa mbao, maana mama alikuwa ameshauliza mara mbili. Kuku walikuja mbio. Jogoo aliingia katikati, akaanza kuparua kwa miguu yote miwili, akirusha unga nyuma. Kitu kikamgonga Enesi kwenye mguu.

Aliinama. Kilikuwa kifaranga cha mbao.

Alitupa kiroba. Alipiga magoti, akapekua unga mpya, kisha ule wa zamani uliolowa pembeni. Akapata cha pili. Cha tatu kilikuwa kwenye kiota, kimechafuka, kando ya yai.

Akaelewa yote mara moja. Alipokuwa akiuzungusha ubao, kifaranga kilicholegea kilipita juu ya lile tundu, kikadondoka kwenye boksi chini, kikafunikwa na unga, na kelele za mashine zikameza mlio wake. Kisha yeye mwenyewe akakifungia kirobani na kukibeba kichwani hadi nyumbani. Ndiyo maana Nesta alitaka kuliziba tundu. "Ili vile vifaranga visidondoke." Hilo ndilo neno ambalo Enesi hakumwacha alimalize.

Wazo la kwanza lililomjia halikuwa zuri. Aliwaza kuvisafisha, kisha Jumamosi avisukume chini ya mkeka na kupiga kelele, "Jamani, hivi hapa!" Nani angejua?

"Hivyo ni nini?" Mama alikuwa mlangoni pa banda.

"Nimeokota."

"Sikuulizi umefanyaje. Nauliza ni nini."

Enesi alijaribu kusema kwa kifupi, lakini mama yake hakuwa mtu wa kuridhika na kifupi. Aliuliza, akauliza tena, mpaka kadi ikatoka, na ndoo ya takataka, na "sijui habari ya kadi."

"Kumshuku mtu ni jambo moja," mama akasema. "Lakini kadi uliitoa wewe na ukakana, mtoto wa watu amesimama pale analia. Huo ni uongo, Enesi. Usiupunguze."

"Nitamwomba radhi, mama. Nitamwita pembeni."

"Pembeni? Ulimpekua pembeni?"

Enesi akavifuta vifaranga kwenye sketi yake.

Jioni hiyo alikwenda kwa shangazi yake Nesta. Nesta alikuwa akichambua mboga mlangoni, wala hakunyanyuka.

"Siji kupekuliwa tena," akasema.

"Hutapekuliwa. Njoo Jumamosi unisikie tu. Ukitaka kuondoka baadaye, ondoka."

Jumamosi iliyofuata Nesta alikuja, lakini hakuketi. Alisimama karibu na lango, mkono mfukoni. Mama Tuntufye akauliza kama kawaida, "Dokezo la leo, nani?"

Enesi alisimama. Alisogea mbele ya mashine. Alifungua kiganja, vifaranga vitatu vikaonekana.

"Dokezo langu ni hili," akasema. "Tundu la meza lizibwe kwa plastiki yenye kitundu kidogo cha msumeno, ili vipande vidogo visidondoke. Vifaranga hivi vilidondokea kwenye unga, nikavibeba mimi hadi banda la kuku. Dokezo hili si langu, ni la Nesta. Aliibandika plastiki, mimi nikaibandua na kuitupa, halafu nikasema sijui. Nilisema uongo. Nesta hakuiba kitu. Nisamehe, Nesta. Na Jumatatu nitayasema haya darasani, maana na kule yamefika."

Hezron aliinamisha kichwa. "Na mimi nilikohoa," akasema polepole. "Nisamehe."

"Na mimi," Faith akasema.

Nesta alitoa mkono mfukoni. Kisha akasogea, akachukua kifaranga kimoja kwenye kiganja cha Enesi, akakinusa na kukunja uso.

"Kinanuka banda," akasema. "Hiki sasa ni kuku kweli."

Hezron ndiye aliyeanza kucheka.

Mama Tuntufye alileta mkasi na kifuniko kingine cha kopo, akampa Nesta. Kabla ya kuwasha mashine, akawatazama wote wanne.

"Sikieni, wanangu. Kitu kikipotea, tafuteni kitu. Ninyi mlianza kutafuta mtu, na mkishamtafuta mtu, kila anachofanya kitaonekana ni wizi, hata kushika chumvi ya bibi yake. Na wewe Enesi, ungesema ukweli siku ile ulipoulizwa habari ya kadi, vifaranga vingepatikana siku hiyohiyo. Umeusema leo. Umechelewa, lakini umeusema mbele ya walewale uliowadanganya. Siku nyingine usingoje jogoo akuparulie."

Nesta alikuwa ameshabandika plastiki. Akaipapasa kwa kidole kuona kama imelala sawa, kisha akasogea pembeni kidogo.

"Kata," akamwambia Enesi. "Mimi nitakuwa navitoa kimoja kimoja."

Wakaketi bega kwa bega, na mashine ikawashwa.