Pumzi Mbili za Filbert

Ijumaa ile ya mwaka 1974 ilianza vizuri tu. Eunike, muuguzi, binti wa jirani zetu wa Uru, alikunywa chai yake, akaingia zamu katika hospitali moja mjini Moshi, akamkuta Filbert amelala salama. Mkulima huyo wa kahawa alikuwa amepasuliwa moyo jana yake, na mashine ilikuwa ikimpumulia kwa mpira uliopita mdomoni hadi kooni.

Saa nane mchana umeme ukakatika. Mashine ikanyamaza. Eunike akaunganisha mfuko wa kupumulia kwa mkono, akaanza kuubinya. Binya, achia. Daktari alikuwa ameshatoka mbio kwenda kuhimiza jenereta.

"Usiuachie, sista!" alikuwa amempigia kelele akitoka.

Kana kwamba angeweza.

Kucha za Filbert zikaanza kuwa za bluu. Eunike akafungua oksijeni hadi mwisho. Akanyonya makohozi kwa pampu ya mguu. Akabinya taratibu, akashikilia, ili mapafu yaliyosinyaa yafunguke. Wapi! Na hapo ndipo alipoisikia. Kila Filbert alipotoa pumzi moja, chini ya kitanda ilitoka nyingine.

Aliinama, akachungulia. Sakafu tupu. Mikono ilimwuma, woga ulimjaa, na kukimbia hawezi. Akiuachia mfuko, mtu anakufa.

"Mama," alimnong'oneza Anaeli, mke wa mgonjwa, aliyekaa kando ya kitanda, "nawe unasikia?"

Anaeli aliinamia sikio lake. "Ni Primus, mdogo wake. Waligombania mpaka wa kihamba, shamba la ukoo. Mwaka juzi Primus akamletea jani la isale la kuomba msamaha, amelifunga fundo kama ilivyo desturi. Filbert akalitupa kwenye mavi ya ng'ombe."

"Isale? Isale halikataliwi!"

"Alilikataa, sista. Wiki ileile Primus akabanwa kifua, akafa kwa kukosa hewa. Mimi nililiokota lile jani, nikamwekea kwenye jeneza. Akazikwa nalo."

Eunike akamtazama Filbert. Wa kutoa msamaha ule ni mmoja tu, naye ana mpira kooni. Hawezi kusema neno. Midomo yake sasa ilikuwa rangi ya zambarau.

"Kaka Filbert," alinong'ona. "Kama unalipokea isale la mdogo wako, kunja ngumi."

Binya. Achia. Pumzi mbili.

Binya. Achia. Mbili.

Vidole vikajikunja.

Binya. Achia.

Moja.

Rangi ya kucha ikaanza kurudi. Eunike alilia machozi, huku bado anabinya.

Jenereta haikuwaka; umeme ulirudi jioni. Filbert alipona, ila ngumi ile haikufunguka siku tatu, hata daktari alipoivuta kwa nguvu. Ilifunguka yenyewe siku mpira ulipotolewa. Kiganjani mlikuwa na jani la isale lililofungwa fundo, bichi kabisa, lina udongo na harufu ya mavi ya ng'ombe.

Anaeli alilitazama lile fundo. Alilijua.