Sahani ya Kaizari

"Baba, fungua mlango! Watu wameshafika na vyombo vyao!"

"Sifungui! Mpaka huyo fundi saa wako avue ile haradali!"

Irmtraud alishika kiuno. Kesho ilikuwa harusi yake, na jioni ile majirani wa Magdeburg walijaa mlangoni kuvunja vyombo vikuukuu, mila ya kuleta bahati, kisha maharusi wafagie vigae pamoja. Kwenye ukoo wao, baba ndiye huvunja cha kwanza. Sasa Mzee Ottokar kagoma, na bila yeye hakuna sherehe.

Haradali yenyewe ni beji ya Alwin, mchumba wake: nyeusi, nyekundu na dhahabu, rangi za jamhuri mpya ya Ujerumani; dhahabu hiyo watu wa Kaizari waliiita haradali kwa dharau. Mzee alikuwa wa Kaizari damu damu. Kaizari mwenyewe alishakimbilia Uholanzi miaka minane nyuma, lakini sura yake ilibaki ukutani kwa Ottokar, kwenye sahani aliyoifuta kila Jumapili.

"Usijisumbue, mzee," alisema Kunold, rafiki yake wa chama cha askari wa zamani, akichungulia nje dirishani. "Vijana wangu wako pale kona. Watamvunja miguu bwana harusi, na kesho hakuna harusi."

"Wamvunje miguu?" mzee aliuliza.

"Jamhuri haing'oki kwa kura. Inang'oka kwa rungu. Leo mkweo, kesho wabunge."

Irmtraud alimshika baba yake mkono.

"Baba, umesikia? Alwin wangu!"

Mzee alisimama wima. Aliishusha sahani ukutani, akafungua mlango kwa kishindo. Nje, Alwin alikuwa amesimama na ufagio, katoa macho.

Paaa! Kaizari alipasuka kizingitini, miguuni pa Kunold aliyemfuata.

"Jamhuri naichukia, mtaa mzima unajua!" alinguruma mzee. "Lakini mkwe wangu hapigwi na mhuni yeyote mlangoni kwangu! Wachukue vijana wako, Kunold, mpotee!"

"Mzee, umelogwa?"

"Potea!"

Majirani walishangilia, sahani na mabakuli mikononi. Wale vijana wa kona kuona vile, walikumbuka ghafla kwamba wana shughuli kwingine. Kunold akawafuata mbio. Ndipo vyombo vikavunjwa hasa.

Alwin alicheka mpaka ufagio ukamponyoka.

"Baba mkwe, kwa hiyo uchaguzi ujao uko na sisi?"

"Na hiyo haradali? Thubutu!"

Irmtraud alifagia huku machozi ya furaha yakimtoka. Mara akamwona baba yake anainama, anaokota kigae na kukitia mfukoni kimyakimya.

"Baba, umeficha nini?"

"Masharubu ya Kaizari tu, mwanangu."

"Kigae kikibaki, ndoa inaingia mkosi. Si wewe uliyenifundisha?"

Mzee alimtazama binti yake, akamtazama Alwin aliyeshika beleshi la takataka. Akashusha pumzi. Akakitoa kigae, akakitumbukiza humo.

"Nenda salama, mkuu," alinong'ona. Kisha akapaza sauti: "Haya, bia iko wapi? Mpeni na huyu wa haradali!"