Trekta la Bi Kimya

Jua lilikuwa linazama walipofika kuliona trekta la tatu.

Kigogo alikuwa hoi. Tangu asubuhi yeye na rafiki yake, fundi wa mashine, walikuwa wakizunguka kutafuta trekta dogo, lile la kulimia bustani, lililotumika, la bei ambayo muuza kuni anaweza kuisikia bila kushikwa na kizunguzungu. La kwanza lilikuwa limepakwa rangi mpya likang'aa kama bibi harusi. Fundi akafungua mfuniko wa oili, akachovya kidole, akakitoa kimepakaa kitu cheupe kama chai ya maziwa.

"Maji yameingia kwenye injini," alisema. "Hili ni la kuzika, si la kununua."

La pili lilikuwa zima kila mahali. Tairi zina meno, gia zinaingia bila kelele, breki zinashika. Mwenyewe alipotaja bei, Kigogo alicheka. Mwenyewe hakucheka.

Ndipo wakaelekezwa kwa Bi Kimya.

Haja ya Kigogo ilikuwa ya kweli. Alikuwa akikata kuni msituni na kuwauzia waoka mikate na majiko ya shule. Kukata alikata yeye. Kubeba alibeba mkewe. Miaka kumi na moja, mzigo mgongoni na mkanda umepita kifuani, kutoka msituni, kupita kando ya korongo, kupanda mlima hadi barabarani. Kigogo alisema ana mgongo mbovu, na hakuna aliyeweza kumbishia kwa kuwa hakuna aliyewahi kuuona ukifanya kazi. Mbele za wenzake alipenda kutania: "Huyu ndiye punda wangu. Hali majani, hadai likizo." Wenzake walicheka. Mkewe alijibu bila kugeuka: "Shukrani za punda si unazijua, baba?"

Mwaka huo magoti ya mama huyo yalianza kugoma. Kigogo naye ndipo akakumbuka kwamba duniani kuna matrekta.

Bi Kimya alikuwa mama mfupi wa miaka sitini hivi, mwenye kitambaa cheusi kichwani na maneno ya kuhesabu. Majirani walisema mumewe ni mgonjwa, mwaka wa saba huu, hatoki ndani. Aliitikia salamu zao, akachukua funguo, akawapeleka nyuma ya nyumba kwenye banda la mabati.

Alipofungua mlango, harufu iliwapiga usoni.

Haikuwa harufu ya dizeli. Ilikuwa jasho. Jasho la mtu aliyefanya kazi kutwa, likachachia mwilini.

Trekta lilikuwa pale katikati, jekundu, limefifia, na tela lake dogo nyuma. Fundi alizunguka mara moja. Akapiga tairi teke. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakitazama kwenye mwanga wa mlangoni, akakipangusa, akakirudisha, akakichomoa tena.

Kikavu.

"Mama, hili halina oili hata tone."

"Washa," alisema Bi Kimya.

"Nikiwasha litajisaga."

"Washa."

Fundi akawasha. Trekta likaitika mara moja, kwa sauti ya chini, ya taratibu... kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kunyanyua kitu kizito. Na ndani ya banda, mahali fulani, mtu akakohoa.

Fundi akageuka. Hakukuwa na mtu.

"Ndugu yangu," alimnong'oneza Kigogo, "tuondoke."

"Bei yake umeisikia?"

"Nimeisikia. Ndiyo inayonitisha."

Kigogo alikuwa ameshapanda kitini. Bei ilikuwa robo tu ya bei ya lile la pili, na mkono wake ulikuwa unapapasa usukani kama mtu anayebembeleza mtoto wake.

Bi Kimya akamsogelea. "Kuni zako sasa hivi zinabebwa na nani?"

"Mke wangu," Kigogo alijibu, akacheka. "Punda wangu huyo."

"Ana nguvu?"

"Mama, yule hata ukimpakia nyumba anaibeba."

"Jina lake nani?"

Kigogo akalitaja. Bi Kimya akainama juu ya boneti, midomo karibu na chuma, akanong'ona jambo refu kuliko yote aliyoyasema jioni ile. Trekta likanguruma kidogo, likatulia. Kikohozi hakikusikika tena.

"Basi mkeo atapumzika," alisema. "Usilipakie kupita kiasi. Na usilipige."

Fundi alirudi kwa miguu. Alikataa kupanda tela.

* * *

Wiki ya kwanza nyumba ilijaa furaha. Trekta lilibeba kwa safari moja mzigo wa siku nne. Mke wa Kigogo alikaa barazani, miguu ameinyoosha, akamenya viazi kama mtu mwenye nafasi zake.

"Kumbe hata kukaa kunachosha," alimwambia mumewe.

Kigogo alidhani ni utani.

Wiki ya pili alichelewa kuamka. Ya tatu akawa anaamka akishikilia ukuta. Viganja vyake vilikuwa vyeusi, na weusi ule hautoki kwa sabuni. Kifuani, pale pale mkanda wa kuni ulipokuwa ukipita, palivimba mstari mwekundu, mbichi, kana kwamba hajauvua mkanda hata siku moja. Alikula sahani mbili na bado mashavu yakabonyea. Na nywele zake zilikuwa na harufu ya moshi.

"Nenda hospitali," alisema Kigogo.

"Nimekwenda. Wameniuliza nafanya kazi gani nzito hivyo. Nimewajibu sifanyi kazi."

Kigogo akarudi kuhesabu kuni. Alikuwa amepata oda kubwa ya shule, tela kumi na mbili, na kichwa chake kilikuwa huko.

Siku ile alipakia tela hadi kuni zikapita kimo chake. Trekta lilipanda mlima nusu, likaanza kutetemeka. Likasimama. Kigogo akasukuma mafuta. Likaguna. Akashuka, na ule mgongo mbovu ukasahau ubovu wake, akaokota gogo la mkono mmoja akaliangusha juu ya boneti.

Mara moja.

Mara mbili.

Mara tatu.

"Panda, mjinga wewe!"

Trekta likapanda.

Aliporudi nyumbani jua lilikuwa bado lipo. Mkewe alikuwa amelala kifudifudi mkekani, gauni limeshuka mabegani. Mgongoni palikuwa na alama tatu, zimetuna, zinavuja damu ya maji maji.

"Umenipigia nini, baba?"

Kigogo akarudi nyuma hadi mlangoni. "Mimi? Mimi nilikuwa mlimani."

"Najua," alisema mkewe. "Nilikuona."

* * *

Hapa mtu angetegemea kwamba Kigogo alilitia trekta lile kufuli siku hiyo hiyo. La. Zilibaki tela tatu za oda. Usiku kucha alijigeuza kitandani akijiambia kwamba ni ndoto, ni homa, ni maneno ya mgonjwa. Na kulipokucha akachukua funguo.

Mkewe alimshika upindo wa suruali. "Leo usiende. Leo tu."

"Nitapakia kidogo."

"Basi mlima usipande."

"Sasa barabara iko wapi, mke wangu? Si juu?"

Akaenda. Alipakia kidogo, kweli, na mlimani aliendesha polepole. Lakini kila trekta lilipoguna, alijua ni nani anayeguna. Alizimaliza tela zote tatu. Kisha ndipo akageuza usukani kuelekea kwa Bi Kimya, giza likianza kuingia.

Barazani kwa Bi Kimya alikuwapo mwanamume, ameketi kwenye kigoda, blanketi magotini. Mabega yake yalikuwa yameteremka kama ya mtu aliyebeba mlango maisha yake yote. Shati lilikuwa wazi. Kifuani alikuwa na kovu la mstari, pana, jeusi. Alipoiona taa ya trekta ikiingia uani alitoa mlio mdogo, akajificha nyuma ya Bi Kimya kama mtoto.

"Lizime," alisema Bi Kimya. "Unamtisha."

Kigogo akazima. "Mama, lichukue. Hata pesa sitaki."

"Halirudi kwa liliyemwachia."

"Umeniroga!"

"Mimi?" Bi Kimya aliketi taratibu kando ya mumewe, akamfunga vifungo vya shati. "Nami niliuziwa. Nami niliulizwa nani anabeba mzigo nyumbani kwangu, nikajibu kwa kujigamba. Miaka saba mume wangu amelala ndani huku anavuta mbao za watu. Wewe nilikuuliza tu. Jina ulilitoa mwenyewe, na kicheko juu."

"Nifanye nini?"

"Nilivyofanya mimi. Muuzie mtu. Bei ndogo, watakuja wengi. Uliza swali, upewe jina, ulinong'one. Mkeo ataamka."

"Aliyelitengeneza ni nani?"

Bi Kimya aliinua mabega. "Aliyeniuzia hakujua. Hata aliyemuuzia yeye hakujua."

* * *

Kigogo alimweleza mkewe kila kitu. Akamwambia pia kwamba tayari anamjua mteja, kijana mmoja mfyatua matofali, ambaye matofali yake hubebwa na mama yake mzazi.

Mkewe alimsikiliza hadi mwisho, macho yamefumbwa.

"Usimuuzie mtu," alisema.

"Utakufa!"

"Nimebeba mambo mengi, baba. Hilo la kumvisha mama wa mtu mkanda huu, sitalibeba."

"Sasa tufanye nini?"

"Likae bandani. Lipumzike. Nami nipumzike. Hilo tu, kwani ni gumu?"

Halikuwa gumu. Lakini Kigogo hakuwa mtu wa kukaa na kitu kinachomtazama. Siku tatu alipita mbele ya banda lile akihisi pumzi zake kupitia mabati. Mkewe alikuwa ameanza kupata nafuu, ameketi, amekunywa uji. Fundi alikuja kumwona, akamwambia Kigogo uani: "Usiliguse, usilifungue nati hata moja, mpaka tupate mtu anayejua mambo haya." Kigogo aliitikia kwa kichwa.

Siku ya nne alasiri alingoja mkewe asinzie. Aliliendesha trekta hadi ukingoni mwa korongo, akalitoa kwenye gia, akashuka, akaliegemea kwa bega.

Lilikuwa jepesi ajabu.

Lilipoanguka halikupiga kelele za chuma. Lilipiga ukelele mmoja, mrefu... ukakatika lilipofika kwenye mawe.

Kigogo alikimbia. Kila hatua alijiambia, limekufa, amepona, limekufa, amepona. Majirani walikuwa wameshajaa mlangoni. Mkewe alikuwa kitandani, mahali pale pale alipomwacha, lakini mkono ulikuwa umegeukia pasipostahili, nyonga na taya vimevunjika.

"Ameanguka kutoka wapi mama huyu?" daktari aliuliza hospitalini. "Juu ya paa?"

"Kitandani," alijibu Kigogo.

Daktari akazitazama ngumi za Kigogo.

Walikaa hospitali miezi miwili. Mkewe hakufa. Wiki ya mwisho, jioni, alianza kulia kwamba mguu wa kushoto unaungua. Wauguzi waliugusa, ulikuwa wa baridi. Kigogo hakungoja kusikia mengine. Alifika korongoni akawakuta wanunuzi wa vyuma chakavu wawili, wamewasha gesi ya kukatia, wamekwisha kuling'oa gurudumu moja la nyuma.

"Mzee, ni lako?" mmoja aliuliza kwa furaha, akiinua miwani yake ya kazi. "Bei tutaelewana!"

Kigogo aliwafukuza kwa mawe. Aliporudi wodini, mguu ule ulikuwa umekufa kabisa, wala haukuamka tena. Madaktari waliuandikia jina refu. Kigogo hakuuliza maana yake.

Sasa hivi Kigogo hauzi kuni. Hubeba maji, hubeba unga, humbeba mkewe kumtoa nje aote jua. Kila asubuhi hushuka korongoni na kopo la grisi, kitambaa na brashi ya waya laini ya kuondolea kutu. Hulipangusa trekta lile boneti, mhimili, shingo ya usukani. Amelifunika kwa turubai alilofunga kwa mawe. Wapita njia humwona akinong'ona na chuma na kumcheka, na yeye huwaacha wacheke.

Jana alirudi amechoka, mikono imejaa grisi. Mkewe alikuwa dirishani, anatazama mawingu yanavyojikusanya. Taya lake limepona vibaya, na maneno humtoka moja moja.

"Umesahau... chini ya tangi," alisema.

"Nitalipaka kesho, mke wangu."

"Na turubai. Upepo umelifunua."

Kigogo akasimama mlangoni. Tone la kwanza likapiga bati. Likafuata la pili. Kisha mvua ikashuka yote kwa pamoja, ile ya kwanza ya masika, na mkewe taratibu, bila kuondoa macho dirishani, akaanza kujikuna.