Kompyuta ya Apolonia Ilikuwa na Python Mbili

Apolonia alitunza daftari la chanjo katika zahanati ya kijiji, si mbali na Bariadi. Akitoka hapo alipalilia pamba, akapika, akalala. Mwaka uliopita surua ilimchukua mwanawe, Shija. Tarehe ya chanjo yake ya pili ilipita, na hakuna aliyeiona katika daftari lile nene. Hata yeye mama mtu hakuiona. Hilo ndilo lililomla moyo.

Basi akajifunza kuandika programu kwa lugha ya Python. Ingesoma orodha ya watoto aliyoinakili kutoka daftarini na kutaja waliopitwa na chanjo. Alhamisi nesi Flora angezunguka vijijini, na orodha ilitakiwa kabla ya hapo.

Programu ilihitaji moduli, yaani kipande cha ziada, cha kusoma majedwali. Apolonia akaiweka. Alipoendesha programu, ikajibu kwamba moduli haipo. Akaiweka tena, akaambiwa tayari ipo. Mara nne hivyo hivyo. Jumatano asubuhi akaibeba kompyuta hadi mjini kwa Naila, fundi.

"Mwangaluka, dada," Apolonia alimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Mbona macho yamekuvimba?"

"Nimelia. Mashine hii inanidanganya."

"Haidanganyi," alisema Naila taratibu. "Umeinunua mtumba, sivyo? Mwenyewe wa kwanza aliacha Python yake humu, nawe ukaweka yako. Moduli imeingia kwa moja, programu inaendeshwa na nyingine."

Apolonia akasema, "Kama kwa baba mkwe. Wake wawili, kila nyumba na kihenge chake. Mahindi yakimwagwa kwa mkubwa, mdogo hana cha kupika."

"Umeshika. Basi usirudierudie kuweka. Uliza kwanza ni nyumba ipi."

Juu kabisa ya programu Apolonia aliandika "import sys", na chini yake "print(sys.executable)". Kioo kikaonyesha mahali ilipo Python inayotumika. Ilikuwa ile ya zamani.

"Sasa, kwenye dirisha la amri, andika mahali hapo kama palivyoonyeshwa," alisema Naila, "ufuatishe -m pip install, halafu jina la moduli."

Safari hii programu ilikubali. Majina thelathini na moja yakashuka. Apolonia aliyasoma yote kwa sauti.

Alhamisi yeye na Flora walifika nyumba ya mwisho, ng'ambo ya mto. Mwanamke alitoka na mtoto mgongoni.

"Nani amewaambia mwanangu amepitwa na chanjo?"

"Yumo kwenye orodha," alisema Flora. "Amechelewa wiki tatu, lakini bado anaiwahi."

Apolonia alimshika mtoto mkono sindano ilipoingia. Mtoto akalia kwa nguvu, na Apolonia akalia naye, wala hakuona haya.