Wino wa Bluu na Tone la Maji

Kila siku akitoka shule, Chiriku hupitia dukani kwa shangazi yake. Hufagia, hupanga madaftari, hufuta vumbi kwenye vioo vya kaunta, na muda wote huo mdomo wake haupumziki. Ndiyo maana jina la Chiriku lilimganda, hata walimu wakalizoea.

Alhamisi moja alimkuta shangazi ameinua kichupa kwenye mwanga wa mlangoni.

"Shikamoo, Shangazi. Hicho nini tena?"

"Marahaba. Wino mpya wa kalamu za kujaza. Wateja wataniuliza kama unafaa kwa kuandikia kila siku, nami sina la kuwajibu. Wewe unashinda ukiandika. Uchukue, uujaribu, kisha uniandikie maelezo niyabandike hapa. Na usiishie kuniambia ni mzuri. Niambie kama unakauka upesi, kama unapenya upande wa pili wa karatasi, na ukipatwa na maji unakuwaje."

Nyumbani, Chiriku aliijaza kalamu, akaandika neno la kwanza, akanyamaza. Mama yake, aliyekuwa akikunja nguo, aligeuka upesi. Kimya cha mtoto huyu kilimtia wasiwasi kuliko kelele zake.

Wino mbichi ulikuwa wa bluu nzito, karibu na weusi, na ukingoni mwa kila herufi palimeremeta wekundu wa mbali. Kadiri ulivyokauka, weusi ulijiondokea taratibu na bluu ikachomoza, safi mno, hata Chiriku akaogopa kuigusa. Tangu darasa la kwanza alikuwa akiandika kwa bluu ya kawaida, bluu isiyo na habari. Hakujua kwamba rangi inaweza kutembea mbele ya macho yake.

"Mama, njoo uone! Inabadilika!"

Mama aliinama juu ya daftari. "Mh! Kama kuna mtu ndani anawasha taa," alisema polepole.

Chiriku aliandika ukurasa mzima. Aligeuza karatasi, upande wa pili ulikuwa mweupe. Kwa kuwa hutumia mkono wa kushoto, kiganja chake hupita juu ya maneno mabichi, lakini kilichafuka kidogo tu. Yakabaki maji. Aliutazama ukurasa wake, akaona uchungu kuuharibu. "Wino mzuri hivi utashindwa na maji?" alijiambia, akafunga daftari.

Kesho yake alimpa shangazi maelezo yake.

"Na maji umejaribu?"

"Nimejaribu. Hayaufanyi kitu." Neno lilimtoka kabla hajalifikiria, na likishatoka halikurudi.

Shangazi akayabandika maelezo kwenye kaunta. Jioni hiyo aliingia nesi wa zahanati ya mtaani, akayasoma mpaka mwisho.

"Kalamu yangu ina kiu siku nyingi," alisema akicheka. "Na kesho nina kliniki ya watoto, kadi kibao za kujaza. Kwa hiyo hauogopi maji?"

"Hauogopi," Chiriku alijibu, safari hii kwa sauti ndogo. Nesi akanunua kichupa, akaenda zake.

Asubuhi iliyofuata Chiriku alimaliza kuosha vyombo, akakimbilia meza yake na mikono mibichi. Tone moja la maji lilidondoka kwenye ukurasa.

Bluu ilifunguka. Ilitanuka kila upande, ukingo ukawa zambarau, ndani yake ukatoka ukijani mwembamba, ambao hakuwahi kudhani umejificha humo. Kilikuwa kitu cha ajabu kuliko vyote alivyowahi kuviona mezani pale. Alishika kinywa kwa mshangao. Kisha akatafuta neno aliloliandika, asilione. Lilikuwa limekwenda na maji.

Akakumbuka kadi za nesi. Nje wingu lilikuwa limetanda.

Alikimbia bila kuvaa viatu. Zahanati ilijaa akina mama na watoto wao. Chiriku alipenya hadi kwenye meza ya nesi, akihema.

"Nesi, naomba unisamehe. Nilisema uongo. Sikuujaribu kwa maji. Nimeona sasa hivi, maandishi yanafutika!"

Nesi alichukua kadi tupu, akaandika juu yake kipimo cha dawa, akasubiri kikauke, akachovya kidole kwenye glasi na kuligusa andiko. Bluu ikachanua. Mama mmoja aliyeketi karibu alisema, "Ala! Tazameni ua hilo!" Wote wakainama kutazama, hata watoto waliokuwa wakilia wakatulia. Lakini nesi alikuwa akiangalia pale kilipokuwa kipimo cha dawa.

"Mama angefika nyumbani na kadi iliyolowa," alisema, "akaanza kubahatisha." Akainuka. "Akina mama, kadi zote zirudi hapa! Na wewe, kimbia getini uwaite waliotoka."

Chiriku alikimbia, akawarudisha mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa ameshavuka barabara. Alipomwingiza ndani, mvua ilishuka kwa kishindo. Nesi alikuwa na daftari lake la kumbukumbu, alimokuwa ameandika yote kwa penseli. Chiriku akamsomea, nesi akaandika kadi upya kwa bolpeni.

Jioni Chiriku alimweleza shangazi kila kitu, macho yakiwa sakafuni. Shangazi alibandua maelezo, akavuta stuli, akamketisha.

"Kuupenda wino huu hukukosea. Hata mimi umeniteka. Lakini anayesoma maelezo yako bado hajaushika, anauona kwa macho yako tu. Ukimwambia umeona jambo ambalo hukuliona, unamfumba macho, naye anatembea akidhani anaona. Leo umekimbia kuyafumbua, na hilo nimelipenda. Siku nyingine usijali kuharibu ukurasa. Ukisema hujui, hakuna anayeumia."

Kisha akamsogezea karatasi mpya. Chiriku aliandika kwamba wino huu ni mzuri kwa madaftari na barua, haupenyi, na mwenye mkono wa kushoto atachafuka kidogo. Chini yake akaandika kwa herufi kubwa: USIUTUMIE KWA KITU KINACHOWEZA KULOWA. NIMEJARIBU MWENYEWE.