Firenze Hakuvaliwi Koti

Siku hiyo soko la Gikomba lilikuwa limefurika, hata ukiinama kufunga kamba ya kiatu unasukumwa. Jacklyne alikuwa amesimama mbele ya kibanda kimoja cha mitumba, analipima koti zito la sufu juu ya rinda lake la kitenge, buti mbili amezibana kwapani. Baridi ya Juni ilikuwa inamtetemesha. Kama Nairobi ni hivi, aliwaza, huko Ulaya si watu wanagandia barabarani?

"Siste, hilo koti ni la kwenda wapi? Kule kwenye baridi, Limuru?"

Aliyeuliza ni mwenye kibanda, kijana mrefu, shati jeupe amelikunja mikono, macho yakicheka kabla ya mdomo.

"Ni la Italia. Firenze," alijibu Jacklyne kwa maringo. "Naenda mwezi ujao."

Mchuuzi mwingine yeyote angeshukuru Mungu wake na kumwongezea glavu. Huyu alimpokonya koti.

"Firenze hakuvaliwi koti! Julai kule ni jua kali, dada. Utazirai wakuokote."

"Ati? Na wewe umejuaje?"

"Nimekaa huko. Dada yangu Aluoch ameolewa kule. Niliosha vyombo kwenye mkahawa mpaka baba alipougua, nikarudi."

Akamtafutia magauni mawili ya kitani, mepesi, na leso ya kujitanda mabegani. Alimlipa kwa simu, namba yake ikabaki kwa kijana; jina lake lilikuwa Phares Ondiek. Jacklyne alifika kwao Shauri Moyo, kwenye kichumba anamoshona mikoba ya ngozi na rafiki yake Anisa wa Pumwani, akakuta ameshatumiwa ujumbe: "Ukitaka kujua mengine ya huo mji, nipigie."

"Mpigie basi," Anisa alisema. "Si unaenda maonyesho ya mafundi wa ngozi? Utapotea huko tukutafute wapi?"

Akapiga. Na kila jioni baada ya hapo, akifunga kazi, alipiga tena.

"Umepanga kuvaa viatu gani?" Phares aliuliza siku moja.

"Vile virefu, vyekundu."

"Viache hapo hapo nyumbani. Njia za kule ni za mawe matupu, utavunjika mguu."

"Wewe! Unanipangia viatu, kwani umenioa?"

"Bado."

Bado! Jacklyne alikata simu kwa haya, akazunguka chumba, kisha akapiga tena kujifanya anauliza habari za maji.

"Maji usinunue, mpenzi. Jaza chupa kwenye mabomba ya barabarani. Kahawa kunywa umesimama kaunta kama wenyeji, ukiketi tu bei inapanda. Makumbusho makubwa Jumatatu yamefungwa. Kanisani usiingie mabega wazi. Na jua likikaa utosini, kaa kivulini, jioni ndiyo utoke uende mtoni."

"Umeniita nani hapo mwanzo?"

"Mpenzi. Nifute?"

"Usifute."

Basi ikawa mapenzi, tena ya kweli. Lakini katika mawaidha yote yale kuna neno moja Phares hakulitamka: urudi. Jacklyne alilingoja. Aliwaona wengi wa mtaa walioenda wiki moja wakabaki miaka, na alitaka kujua kama kuna mtu atakayeumia yeye akibaki.

Wiki ya safari, mama yake aliandaa maombi nyumbani. Kina mama wa kanisa walijaa sebuleni, chapati na chai zikazunguka, kila mmoja akasimama kumbariki msafiri. "Mungu akufungulie mlango huko, utuvute na sisi!" Amina. Ikafika zamu ya Phares, suti ya kijivu, tai imemkaba.

"Jacklyne, Mungu akikupa nafasi ya kubaki, baki. Usiangalie nyuma."

"Amina!" nyumba nzima iliitika.

Jacklyne aliweka kikombe chini. Phares alipoaga, pale mlangoni alimshika mkono wa suti. "Kumbe ndivyo? Nisiangalie nyuma?"

"Jacky, yale yalikuwa maombi tu..."

"Asante kwa maombi."

Sasa mkazi yeyote wa mitaa hii ya Eastlands anajua mambo yalivyo: siku ya maombi hakuna anayemwambia msafiri arudi. Ukisema hivyo umemzibia riziki, na safari ikiharibika ni jina lako litakalotajwa. Jacklyne mwenyewe alijua. Lakini moyo ukishapenda, mila hausikii. Akapanda ndege bila kumpigia simu.

Firenze jua lilimpokea kwa vibao. Alijaza chupa bombani, akanywa kahawa kaunta, akajitanda leso akaingia kanisa kubwa huku wageni wengine wakirudishwa mlangoni kwa mabega wazi. Kila alipogeuka, neno la Phares lilikuwa limetimia, na ndipo alipozidi kumkasirikia. Mwanaume anakulinda na jua hadi nchi za watu, halafu hata kukuambia "rudi" anashindwa!

Siku ya mwisho ya maonyesho, mama mmoja mwenye karakana ya ngozi aliugeuza mkoba wake ndani nje, akaukagua mshono, akamwambia: njoo Januari, ufanye kazi nami mwaka mzima. Alitaka jibu kabla Jacklyne hajaondoka mjini.

Jacklyne akaenda akaketi ukingoni mwa mto, akapiga simu.

"Uko kivulini?" Ndilo neno la kwanza la Phares.

"Niko kivulini. Phares, nimepewa kazi huku. Mwaka mzima, kuanzia Januari. Nikubali?"

Nyuma ya sauti yake, wachuuzi wa Gikomba walisikika wakiita wateja.

"Ni nafasi nzuri. Mimi siwezi kukuzibia..."

"Wachana na riziki yangu! Hapa hakuna mama wa kanisa, hakuna wa kuitika amina. Wewe unataka nini?"

"Nataka urudi." Yalimtoka kwa pamoja. "Nakupenda, Jacky. Tangu uende hata chakula hakina ladha. Lakini hiyo kazi ichukue, utakuwa mjinga ukiikataa. Nenda Januari, nitakungoja. Ila sitaki kukungoja kama jirani. Nataka nikungoje kama mume wako."

Machozi yalimshuka Jacklyne, hakuyafuta.

"Mama yuko nyumbani Jumamosi," alisema. "Nitakuwa nimeshafika. Lete wazee wako."

"Wazee wa Kijaluo kwenu kwa Wabukusu? Tutamalizwa kwa maswali!"

"Mtajibu. Si wewe unajua kila kitu?"

Phares akacheka, kisha sauti ikamtulia. "Basi rudi."

"Sikusikii."

"Rudi!"

"Kelele za hapo ni nyingi. Sema tena."

Phares Ondiek akapanda juu ya robota la nguo, mchana kweupe, mbele ya Gikomba nzima, akapaza sauti mpaka wachuuzi wenzake wakanyamaza: "Jacklyne, rudi nyumbani!"