Harufu Ilipokata

Asubuhi fundi wa visima alikuwa uani, anafunga kamba kiunoni. Mkewe alisimama mlangoni, mikono kichwani.

"Baba watoto, tumemzika mdogo wako juzi tu, nawe unarudi shimo lile lile?"

"Watu hawana maji. Na ile harufu ya mayai viza imekata. Ikikata, hewa ni safi."

Ndivyo alivyomfundisha mdogo wake. Siku ya ajali mdogo mtu alishuka, akanusa, akapaza sauti, "Kaka, imekata!" Hakusema jingine. Mtaani wakanong'ona kuwa kuna mkono wa mtu. Fundi aliyapenda maneno hayo, maana yalimpa wa kumlaumu.

Kando ya shimo alimkuta mpima maji, mama mmoja mwenye kidude cha njano cha kupimia hewa.

"Pole na msiba, fundi. Ngoja kwanza."

Akakishusha kidude kwa kamba. Hakijafika nusu, kikalia kwa ukali.

"Mbona sinusi kitu?" fundi akashangaa.

"Hewa hii ikiwa kidogo, inanuka. Ikizidi, inaua pua kwanza, halafu mwenye pua."

"Nani kaitia?"

"Hakuna. Ndani ya mwamba wanaishi vijidudu wasioonekana kwa macho. Jua hawalijui. Maji yakikutana na mawe fulani, hutoa gesi. Wao huishi kwa gesi hiyo na chumvi za kiberiti zilizomo ardhini, kisha hutoa hewa hii ya sumu. Ni nzito, hutuama chini."

"Vijidudu wanakula mawe? Acha utani, dada!"

"Natamani ungekuwa utani."

Fundi akaketi kwenye udongo. "Basi nimemuua mimi."

"Hukujua. Sasa unajua."

Shimo lilifukiwa. Fundi akawakusanya mafundi wenzake, akawaeleza aibu yake yote. Tangu hapo hushusha kipimo kwanza. Feni hupuliza muda wote, na mtu wa juu haachi kamba. Mtu akianguka, hafuatwi bila vifaa. Mwaka ule kipimo kililia mara tatu. Mara tatu hakuna aliyeshuka, na wote walirudi kwao wazima.

Baada ya mara ya tatu ndipo fundi alipopata moyo wa kwenda kwa mama yake.

"Mama, mwanao hakurogwa. Mimi ndiye niliyemwambia aiamini pua."

Mama alimsogezea kigoda.

"Najua, mwanangu. Kila siku aliniambia, pua ya kaka haikosei. Alikuwa anakusifu."

Fundi akaona heri angetukanwa.